Bibi Ufagio Akianguka Mara Mbili

Sehemu ya Tisa

Kwa aliyenikuta katikati ya safari, mambo yalikuwa hivi: mchumba aliniacha kwa barua, na barua yenyewe ililetwa na dada yake. Kampuni ya utafiti niliyoajiriwa nayo ilifungwa mwezi uliofuata. Wiki iliyopita niliishia pale nilipopata kazi mpya, kazi ambayo nikimweleza mama kwa simu huniuliza kama nimekula.

Kazi yenyewe ni kuangalia watu wakipigana ndani ya gemu.

Tuko ghorofani, juu ya fundi friji. Madirisha yamezibwa kwa maboksi ili mwanga usipige kwenye skrini. Wachezaji sita wanakaa mezani na pedi zao za kuchezea, mimi nakaa pembeni na daftari. Sichezi. Kila mpiganaji aliyemo ndani ya gemu namfanyia tathmini: nguvu zake ziko wapi, udhaifu wake uko wapi, anafaa kupelekwa mashindanoni au hafai.

Aliyenitafutia kazi hiyo ni kaka yangu. Kanitangulia miaka tisa. Alikuwa fundi wa lifti mpaka kazini kwao walipomwachisha, na tangu hapo analala sebuleni kwangu, kwenye kochi ambalo miguu yake inalizidi. Ni mmoja wa wale sita. Wenzake wanamwita Babu, kwanza kwa sababu ana miaka thelathini na mitano katikati ya vijana wa ishirini, na pili kwa sababu ya mpiganaji wake.

Mpiganaji wake ni Bibi Ufagio. Ajuza mwenye kilemba, mgongo umepinda, silaha yake ni ufagio wa mpini mrefu. Hakuna mtu mwingine anayemchagua. Kaka hajawahi kumchagua mwingine.

"Babu, mkeo anakuita," wanamtania gemu likiwashwa.

"Mwacheni avae viatu," naye huwajibu.

Hiyo timu ndiyo kitu cha kwanza kilichomwendea vizuri tangu aache lifti. Na leo naungama: mimi ndiye niliyeitikisa nafasi yake.

*

Jumatatu asubuhi kocha aliniita kwenye meza yake. Kocha ni mtu mfupi, anazungumza huku akizungusha kofia kichwani, mbele ikienda nyuma.

"Mchambuzi. Jumamosi saa kumi jioni orodha ya watano inaondoka. Watano wanasaini mkataba wa mwaka mzima. Wa sita anarudi kwao. Unanielewa?"

"Naelewa, kocha."

"Sikusikii."

"Naelewa, kocha."

"Sasa wanaobishaniwa ni wawili, Babu na Sindano. Nataka tathmini ya Bibi Ufagio. Na usiniletee tathmini ya undugu."

Sindano ni binti wa miaka ishirini, mwembamba, vidole vyake vinabonyeza kama mashine ya kushonea. Alikuwa amekaa mita mbili kutoka pale na alisikia kila kitu. Aliinamisha kichwa akajifanya anafunga kamba za viatu.

Nilikusanya michuano yote ya mashindano ambayo Bibi Ufagio amewahi kucheza na ikarekodiwa. Mia na arobaini na mbili. Niliiangalia yote kwa siku tatu, kipande kwa kipande. Sekunde moja ya gemu tunaikata vipande sitini, kila kipande tunakiita fremu, na mimi nilihesabu fremu mpaka nikifumba macho namwona yule ajuza anafagia ndani ya kope zangu.

Alhamisi niliandika hivi:

"Bibi Ufagio anafika mbali kuliko mpiganaji yeyote. Anayetaka kumsogelea anafagiliwa miguu kabla hajafika. Akiwa na nafasi mbele yake, anatawala uwanja kama mwenye nyumba. Lakini ni mzito wa kuinuka. Wengine huinuka kwa fremu thelathini, yeye kwa thelathini na nane. Akianguka mara moja anajitahidi. Akianguka mara ya pili katika raundi hiyohiyo, anajikunja, anakinga, anasubiri kumalizwa. Hapo hana jibu. Hafai mashindanoni."

Nililia kidogo chooni, nikanawa uso, nikaipeleka.

Kocha aliisoma kwa sauti mbele ya wote. Nilitamani sakafu ifunguke nianguke kwa fundi friji.

"Babu," alisema alipomaliza, "umesikia. Bibi amestaafu leo. Chukua Mhunzi. Mhunzi hana maneno mengi, ana nyundo na kifua. Mwenye tatizo hukuwa wewe, ni huyo bibi. Ukimshika Mhunzi vizuri, nafasi yako iko palepale."

"Babu kapewa talaka!" mmoja akapiga kelele, na chumba kizima kikacheka.

Kaka naye alicheka. Mimi nikashusha pumzi. Nilisema moyoni: kumbe ukweli nao unaweza kumwokoa mtu.

Sindano peke yake hakucheka.

*

Jioni ile kaka aliosha vyombo, mimi nikawa nafuta.

"Umeandika hana jibu," alisema, macho yakiwa kwenye sufuria.

"Kaka, niliandika nilichokiona."

"Najua. Wewe hujui kuandika usichokiona, tangu utotoni. Ulimwambia mama mimi ndiye niliyevunja redio."

"Ulivunja."

"Nilivunja. Sijakataa." Aliisuuza sufuria, akaipindua. "Lakini jibu analo."

Alikausha mikono kwenye suruali, akaenda sebuleni, akawasha mashine yake ya zamani. Akaiweka kompyuta impige. Bibi akaanguka. Kompyuta ikamrukia kummaliza, na palepale, kabla hajamaliza kusimama, ajuza yule akauzungusha ufagio kutoka sakafuni, adui akaruka juu kama nguo iliyopeperushwa.

Akarudia. Mara kumi, na mara kumi adui akaruka.

"Hili ni fagio la kuinukia," alisema. "Lipo tangu toleo la kwanza. Anayekurupuka kukushambulia ukiwa chini, analo. Lina hatari moja tu. Mwenzako akituliza mikono asishambulie, ufagio unapita hewani, wewe umebaki wazi. Hapo umekwisha."

"Mbona kwenye video anapomalizwa halipo?"

"Lipo. Nikianguka mara ya kwanza nalitumia."

"Na mara ya pili?"

Aliweka pedi chini. Bibi Ufagio alibaki kwenye skrini akihema, maana wamemtengeneza hivyo, akisimama bila kazi anahema.

"Mara ya pili naona kama dunia nzima inajua nitafanya nini. Mkono unagoma. Nakinga, nasubiri yaishe. Hata kazini ilikuwa hivyo. Waliponipa onyo la pili ningeweza kujitetea, makosa hayakuwa yangu. Nilikaa tu kwenye karakana nikingoja barua."

Nilikwenda kuchukua daftari, nikapitia ile orodha ya michuano upya, safari hii nikiangalia safu ya mchezaji.

Jina lilikuwa moja. Kutoka juu mpaka chini.

Nilisoma takwimu chuoni miaka mitatu. Wiki ya kwanza kabisa walitufundisha kwamba ukitaka kujua dawa inafaa au haifai, humpimi mgonjwa mmoja mara mia na arobaini na mbili. Nilipata alama nzuri kwenye somo hilo. Na kwa kuwa hakuna mtu mwingine duniani anayemchezesha yule ajuza, nilidhani nampima Bibi, kumbe nampima kaka yangu.

"Kesho nitamwambia kocha nimekosea," nikasema.

"Sawa. Ukimwambia hivyo, umemwambia Bibi ni mzima, mgonjwa ni mimi."

"Kwa hiyo nisiseme?"

"Sijakwambia usiseme, mdogo wangu. Nimekwambia ukisema itakuwaje." Akanyoosha shuka lake kwenye kochi. "Nenda kalale. Macho yamekuwa kama ya samaki."

*

Ijumaa sikusema.

Hilo ndilo ungamo langu la wiki hii, sina njia ya kulipamba. Niliingia, nikakaa, nikafungua daftari, nikafunga mdomo. Kila kocha alipopita nyuma yangu nilijiambia: akirudi nitasema. Akarudi mara saba.

Saa nane mchana Sindano alisimama mbele ya ukuta ambapo kocha hubandika tathmini. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Halafu akageuka.

"Samahani, mchambuzi. Sikuchokozi, nauliza tu."

"Uliza."

"Hii michuano mia na arobaini na mbili, nani alikuwa anacheza?"

"Bibi Ufagio."

"Hapana, nauliza mkono. Pedi ilikuwa mikononi mwa nani?"

Vidole vikasimama kwenye pedi. Feni ikasikika.

Nilifungua mdomo. Sauti yangu mbele ya watu ni kama bomba la juu ghorofani, unafungua unasikia upepo tu.

"Mwangu," kaka akajibu kutoka mezani, bila kuinua kichwa. "Yote."

Kocha aliizungusha kofia, mbele ikarudi mbele. Alinitazama muda mrefu, na bora angefoka.

"Ulijua?"

"Tangu jana jioni."

"Na leo ni saa nane."

"Ndiyo, kocha."

Aliibandua karatasi ukutani, akaikunja mara nne. Akasema anataka mkono wa pili, mtu mwingine anayemjua Bibi Ufagio pigo kwa pigo, acheze naye, ndipo ijulikane mzigo ni wa nani. Bibi akiwa ni mbovu, Babu amchukue Mhunzi na abaki. Bibi akiwa mzima, basi aliyekuwa mbovu ni Babu, na jina lake litoke.

"Nani mwingine anamjua?" akauliza.

Wote walinigeukia mimi.

*

Sikuwahi kushika pedi mbele ya watu. Lakini ili kupima kila pigo la Bibi ilibidi nilipige mwenyewe, kwenye chumba cha mazoezi cha gemu, mara mamia. Vidole vyangu vilimjua ajuza yule kuliko nilivyotaka kukiri.

Jumamosi, saa tisa na robo, kocha aliniweka kitini. Kulia kwangu akamweka kaka.

"Babu na Mhunzi, mchambuzi na Bibi," alisema. "Sindano hawezi kuwa mpinzani, ana lake hapa. Nitaona mambo mawili kwa pamoja. Kwanza Bibi kwenye mkono mwingine. Pili, Babu kama Mhunzi anamkaa."

Sindano alikuwa amesimama ukutani, mikono ameikumbatia. Alikuwa amekuja na begi lake kabisa, limejaa. Lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Tukaanza. Nilimfagia Mhunzi miguu, nikamrudisha nyuma, nikamfagia tena. Ufagio ulikuwa unafika. Nilisikia mtu akisema "Heee!" nyuma yangu. Mhunzi wa kaka alikuwa mzito, anakwenda mbele kama mtu anayesukuma kabati.

Nilimaliza raundi ya kwanza bila jasho.

Hapo ndipo akili ilipoamka. Nikishinda na ya pili, kaka yangu ametoka. Nimemtoa mimi, yeye aliyeniombea kazi hii akiwa amesimama pale pale alipo Sindano sasa.

Raundi ya pili Mhunzi aliniangusha. Nikainuka. Akaniangusha tena. Nikafanya ninachokijua kuliko mtu yeyote, nilichokiandika kwa mkono wangu: nikajikunja, nikakinga, nikasubiri.

Raundi ya tatu nikafanya vilevile.

"Umeona, kocha?" mmoja alisema. "Bibi hana jibu kweli."

Kocha alikuwa anaikamata kalamu. Lakini kaka aliweka pedi mezani, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Usiandike."

"Umeshinda, Babu. Unataka nini tena?"

"Sikushinda. Nimepewa." Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Kwako nimekaa mwaka mzima, na ndugu wote wananionea huruma, wewe peke yako ulikuwa unaniambia nioshe vyombo. Ukianza huruma leo, mdogo wangu, nahamia hapo chini kwa fundi, nikalale kwenye friji."

Watu walicheka. Mimi sikuweza.

"Nilikuwa naogopa," nikasema.

"Najua ulikuwa unaogopa. Mimi hapo ndipo kwangu, napajua." Akamgeukia kocha. "Raundi moja. Tumalize."

"Saa tisa na dakika arobaini, Babu."

"Raundi haizidi dakika mbili."

Kocha akapiga mkono hewani, ishara ya haya, fanyeni. Nikamchagua Bibi. Nikamwona kaka akisogeza alama yake kwenye skrini, inapita kwa Mhunzi, haisimami, inaendelea, inashuka mpaka kona ya chini kabisa.

Ikasimama juu ya Bibi Ufagio.

"Babu, umekosea kuchagua," kocha alisema.

"Sijakosea."

"Mhunzi ndiye aliyekuwa anakuokoa, wewe!"

"Najua, kocha. Bibi kwa Bibi. Ufagio mmoja, uzito mmoja, fremu zilezile. Atakayeshindwa hana wa kumsingizia. Nikishindwa mimi, mwandike Sindano, na mtu asimwangalie mtoto wa watu vibaya."

Sindano alishusha mikono yake.

Mimi nilielewa kabla ya kocha, maana hiyo ndiyo kazi niliyosomea. Pande zote mbili zikiwa sawa, kinachobaki kupimwa ni mkono. Mtu ambaye hajawahi kukaa darasani kwa hesabu hizo alikuwa amenirekebishia tathmini yangu, na gharama yake akajiwekea mwenyewe.

"Cheza," aliniambia. "Kama humpendi mtu."

Skrini ikatuonyesha maajuza wawili. Wangu kilemba cha bluu, wake cha njano. Wakainamiana. Raundi ikaanza.

Nilicheza. Nawaapia wasomaji wangu, nilicheza kweli. Nilimfagia, akanifagia. Nilianguka, nikainuka na ufagio, nikampata. Alianguka mara ya kwanza, akainuka na ufagio, akanipata. Mistari yetu ya uhai juu ya skrini ilipungua kwa pamoja mpaka ikabaki midogo kama kucha. Pigo moja, kwa yeyote, na imekwisha.

Hakuna aliyekuwa anatania tena.

Ndipo alipokanyaga vibaya. Alirusha ufagio mapema, ukapita mbele ya pua ya Bibi wangu, nami sikufikiri, vidole vilifikiri. Nikamfagia chini.

Mara ya pili.

Kilemba cha njano kiko sakafuni. Kilemba cha bluu kimesimama juu yake. Nyuma yangu nilisikia kocha akisema, "Haya sasa," kwa sauti ndogo.

Fremu thelathini na nane. Haifiki hata sekunde, na sijawahi kuwa na sekunde ndefu kama ile.

Nikituliza mikono, na kaka akathubutu, ufagio wake utapita hewani na nitampiga siku ileile aliyojipa moyo. Nikishambulia, na akathubutu, atanifagia mbele ya wote, na jina lake litabaki. Nikishambulia, na asithubutu, jina lake limefutwa kwa kidole changu. Na nilijua hesabu. Niliiandika mwenyewe. Katika kila mara mia aliyoanguka mara ya pili, tisini na sita hakuthubutu.

Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa haniangalii. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya kitufe, hakijabonyeza.

Nikashambulia.